Alama ya Maji

Somo: Matendo ya Mitume 27:9–38

 

Leo twataka kusema na vijana wanaoingia chuo kwa mara ya kwanza, na wazazi wao, na makanisa yaliyowachangia karo. Swali letu laonekana kuwa dogo. Ni hili: kijana wa mwaka wa kwanza achukue masomo mangapi katika muhula wake wa kwanza? Yamkini mtu atasema kwamba hilo ni jambo la ofisi ya msajili, wala si la mimbari. Sisi nasi tulidhani hivyo zamani. Mtusikilize kidogo, nasi tutaeleza kwa nini hatudhani hivyo tena.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa ushirika wetu alipata nafasi katika chuo kikuu. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wake. Basi tulifanya harambee. Kina mama walileta kuku na mayai, yakanadiwa pale nje ya kanisa. Wazee walitoa walichokuwa nacho. Wanakwaya walipita na kapu. Sisi tulisimama mbele, tukamwekea mikono, tukamwombea. Kisha, tukiwa na furaha nyingi, tulisema maneno ambayo hatukuyapima. Tulitangaza mbele ya watu wote kwamba kijana huyu atarudi kabla ya miaka minne, mwenye shahada mkono wa kuume na cheti cha uhasibu mkono wa kushoto. Watu wakapiga makofi. Kijana akatabasamu. Hakuna aliyemwuliza kama aliweza.

Alipofika chuoni alikuta yuniti 7 zimekwisha kupangwa na idara yake. Juu ya hizo akaongeza masomo 2 ya mitihani ya uhasibu, ambayo husomwa jioni. Jumamosi na Jumapili alasiri akapata kazi ya kuuza dukani, ili awatumie wadogo zake chochote. Alipopiga simu nyumbani alisema kila jambo ni jema. Sisi nasi tulisema kanisani kwamba kila jambo ni jema.

Alirudi wakati wa Krismasi amekonda. Hakuimba. Baada ya ibada alikuja nyuma ya kanisa akasema kwa sauti ndogo kwamba ameanguka yuniti 4, na ile mitihani ya jioni hakuimaliza. Kisha akasema neno lililotukata moyo. Alisema kwamba hakuogopa sana kushindwa. Aliogopa kupita mbele ya wale kina mama waliouza kuku.

Wapenzi, kijana yule hakuwa mvivu, wala mlevi, wala hakukosa akili. Twajua, kwa kuwa tulimfundisha katekisimu sisi wenyewe. Alizama kwa sababu alipakiwa kupita kiasi, na miongoni mwa waliompakia sisi tulikuwa wa kwanza.

Mwaka uliofuata, kabla vyuo havijafunguliwa, tuliwachukua vijana wetu kwenda kutembea Matondoni, na kijana huyo alikuwa pamoja nasi. Wengi wenu mnaujua mji wa Lamu, au mmesikia habari zake, kwa kuwa mwaka 2001 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini mkiuacha mji na kwenda upande wa magharibi wa kisiwa kilekile, mtafika Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi na wasusi wa mikeka. Watu wake ni ndugu zetu Waislamu, nao walitupokea kwa heshima kama ilivyo desturi ya Waamu kwa mgeni.

Chini ya kivuli karibu na maji palikuwa na jahazi limesimamishwa juu ya magogo, mbavu zake zimekwisha kufungwa mbao nusu. Fundi mmoja mzee alikuwa akichonga kwa tezo, na kijana wake akikalafati, yaani akiziba nafasi za mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta. Tulimsalimu, tukamwuliza, “Mzee, jahazi kama hili hubeba kiasi gani?”

Hakujibu upesi. Aliweka tezo chini, akasema, “Padri, hilo si swali la fundi peke yake. Mimi naunda, lakini hukumu i kwa mai.” Kwa Kiamu mai ndiyo maji. Kisha akatuonyesha chombo kingine kilichokuwa kimejipumzisha juu ya mchanga, maji yakiwa yamekupwa. Sehemu yake ya chini ilikuwa imepakwa shahamu na chokaa, nyeupe, mpaka kiasi fulani ubavuni. Akasema kwamba nahodha mwenye akili huutazama ule weupe wakati wa kupakia. Weupe ukizama wote, aambie watu wasimame, hata kama mwenye mali yupo gatini na boriti zake zimebaki.

Tukamwuliza tena, “Basi, kisipopakiwa kitu, ndiyo salama zaidi?”

Akacheka. Alisema kwamba jahazi tupu ni hatari kama jahazi lililojaa mno. Halina uzito chini, hurukaruka juu ya maji, na upepo mmoja wa ubavuni waweza kulilaza. Kwa hiyo chombo kisicho na shehena hutiwa farumi, yaani mawe au mifuko ya mchanga ngamani, kipate kusimama. Tena akasema kwamba chombo kipya hakijulikani mpaka kimeingia majini. Safari ya kwanza hakipakiwi kama cha ndugu yake aliyekwenda na kurudi mara kumi. Hutazamwa kwanza kinakaaje, kinavuja wapi, kinageuka vipi. Akiisha kukijua, nahodha huongeza.

Hapo yule kijana wetu, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, aliuliza, “Mzee, chombo kikipakiwa mno kikazama, kosa ni la chombo?”

Fundi alimtazama kitambo. Akasema, “Chombo hakijipakii chenyewe, mwanangu. Hupakiwa na watu.”

Sisi tulisimama pale na kofia mkononi, tukatazama mchanga.

Ndugu wasikilizaji, neno la fundi yule wa Matondoni lilipata kusemwa pia katika bunge la Uingereza, kwa kelele nyingi na machozi. Katika miaka ya 1870 kulikuwa na mbunge wa mji wa Derby jina lake Samuel Plimsoll. Aliona kwamba wenye meli wengi walizipakia mno, na meli mbovu nyingine zilikuwa zimewekewa bima kubwa, hata zikizama tajiri hakupoteza kitu. Waliopoteza walikuwa mabaharia na wajane wao. Watu waliziita meli hizo majeneza. Mwaka 1873 alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Mwaka 1875, serikali ilipoahirisha sheria aliyoitaka, alisimama bungeni akawakemea wakubwa kwa hasira hata akaamriwa atoke. Lakini mwaka 1876 sheria ilipitishwa, ya kwamba kila meli iwe na alama ubavuni kuonyesha mwisho wa kupakia. Mwaka 1930 mataifa mengi yalipatana juu ya alama hiyo, na mapatano hayo yakafanywa upya mwaka 1966. Mkienda Mombasa leo mtaiona katika meli kubwa: duara lenye mstari katikati.

Tena kando ya duara lile ipo mistari mingine midogo yenye herufi. Kwa nini? Kwa sababu meli ileile haipakiwi sawa katika bahari zote na majira yote. Katika maji ya nchi za joto huruhusiwa kuzama zaidi kidogo. Katika bahari ya baridi yenye dhoruba hupunguziwa. Meli haikubadilika, mbao ni zilezile, chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni bahari.

Kijana wangu, muhula wa kwanza ni bahari usiyoijua. Shuleni uliamshwa kwa kengele, ukaongozwa na kengele, ukalala kwa kengele. Katika kidato cha nne ulibeba masomo 7 au 8, na mwalimu alikufuata mpaka mezani. Chuoni hakuna kengele. Mwalimu atasema saa moja au mbili, ataandika majina ya vitabu ubaoni, ataondoka. Labda utakuwa unapika mwenyewe, unapanga chumba mwenyewe, unalinda fedha zako mwenyewe, na usiku utasikia upweke ambao hukuujua. Wewe ni yuleyule aliyefaulu nyumbani, lakini maji si yaleyale. Basi usione haya kupakia mpaka mstari wa majira ya dhoruba.

Na sasa tufanye hesabu, kwa maana Bwana Yesu mwenyewe alifundisha katika Luka 14 kwamba mtu ajengaye mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Katika vyuo vya Marekani hutumia kipimo hiki: kwa kila saa moja ya darasani kwa juma, mwanafunzi atazamie saa mbili za kusoma nje ya darasa. Tukitumia kipimo hicho, somo lenye saa 3 za mhadhara lataka saa 6 nyingine za maktaba na daftari. Jumla ni saa 9 kwa juma kwa kila somo.

Juma zima lina saa 168. Mungu aliumba usiku. Ukilala saa 8, ni saa 56 kwa juma. Kula, kuoga, kufua na kutembea, tuseme saa 3 kwa siku, ni saa 21. Zinabaki saa 91. Masomo 5 yatachukua saa 45, na zitabaki 46. Masomo 7 yatachukua saa 63, na zitabaki 28. Sasa chukueni ule mzigo wa kijana wetu: masomo 9 ni saa 81, na kazi ya dukani ilikuwa saa 12. Jumla ni 93. Saa alizokuwa nazo ni 91. Kabla hajaimba wimbo mmoja kanisani, kabla hajaugua siku moja, kabla hajaketi na rafiki, weupe wote ulikuwa umekwisha kuzama. Hesabu hii ingeweza kufanywa na mtoto wa darasa la tano kabla ya ile harambee. Hatukuifanya.

Lakini tusigeukie upande wa pili tukaanguka huko. Kuna kijana anayesikia mazungumzo haya na kufurahi, akisema, basi nitachukua masomo machache, nipumzike. Mkumbukeni fundi na farumi yake. Mwanafunzi asiye na uzito wa kutosha huyumba. Asubuhi analala, jioni anazurura, na pepo za chuo, nazo ni nyingi, zamlaza ubavu. Tena kupunguza kuna gharama yake. Karo ya mwaka wa ziada italipwa na mtu. Mkopo una masharti yake, na msaada wa mfadhili pia. Wale wanaokwenda Marekani kwa ruhusa ya kusoma wajue kwamba sheria ya huko humtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza abebe mzigo kamili, ambao kwa kawaida ni pointi 12 kwa muhula, yaani karibu masomo 4. Na kazi kwa kawaida huruhusiwa ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Tena ili mtu amalize shahada ya pointi 120 kwa miaka minne, atahitaji pointi 15 kila muhula. Kwa hiyo ipo alama ya juu, ipo na ya chini, na hekima ni kujua ya kwako kati ya hizo mbili.

Je, Neno la Mungu lasema nini? Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo mfungwa yumo katika merikebu ya Iskanderia, imebeba ngano na watu 276. Majira ya kusafiri yamekwisha kuharibika. Paulo aonya kwamba safari itakuwa na hasara ya shehena na ya roho za watu. Lakini akida amsikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Angalieni mwenye merikebu: huyu alikuwa na faida ya kungoja huko Rumi. Kisha upepo wa kusi ukavuma kidogo, mwanana, na wote wakadhani wamepata walichokitaka. Enyi watu wa pwani, mwalijua jambo hili. Upepo mwanana wa asubuhi si ahadi ya jioni. Majuma mawili ya kwanza ya muhula ni kusi ya namna hiyo. Hakuna mtihani, hakuna kazi ya kuandika, vitabu ni vipya. Kila mtu aona kwamba angeweza kuongeza somo jingine.

Halafu dhoruba ikashuka. Siku ya pili walianza kutupa shehena. Siku ya tatu walitupa vyombo vya merikebu kwa mikono yao wenyewe. Mwisho wakaitupa hata ile ngano. Wapenzi, ngano ile ilikuwa njema. Haikuwa dhambi, haikuwa magendo. Ilikuwa chakula cha watu. Lakini ilitupwa, na watu wote 276 wakafika pwani salama. Hapa Mungu atufundisha kwamba shehena haipiti roho ya aliyeibeba. Kijana akikuambia, mzazi, kwamba ameacha somo moja ili asizame, usimwulize kwanza juu ya ngano. Mshukuru Mungu kwa roho.

Ila kuna jambo jingine. Kushusha bandarini si sawa na kutupa baharini. Bandarini shehena haipotei. Hubaki ghalani, ikangoja safari ijayo. Vyuo vingi huweka majuma machache mwanzoni mwa muhula ambayo mwanafunzi aweza kuongeza somo au kuliondoa bila doa katika cheti chake. Siku hiyo ikipita, kuacha kwako kwaweza kuandikwa katika cheti chako. Kwa hiyo juma la kwanza kabisa uliza tarehe ya mwisho, uiandike ukutani. Usingoje dhoruba ya mwezi wa tatu ndipo uanze kutafuta cha kutupa.

Na mkitaka mfano wa mwanafunzi mwenye hekima, mnaye katika Biblia. Soma Danieli sura ya kwanza. Danieli na wenzake watatu walipelekwa Babeli katika mafunzo ya mfalme ya miaka mitatu, katika lugha na elimu ya Wakaldayo. Walikuwa wa mwaka wa kwanza, katika nchi ya ugeni. Walipoona jambo ambalo hawakuweza kulichukua, hawakunung'unika, wala hawakutoroka, wala hawakujifanya mashujaa wakaumia kwa siri. Danieli alikwenda kwa msimamizi wao, akaomba wajaribiwe siku 10, kisha nyuso zao zitazamwe, na hukumu itolewe kwa yanayoonekana. Siku 10! Ndivyo fundi wa Matondoni alivyosema: kitie majini kwanza, utazame kinakaaje.

Nawe fanya vivyo hivyo. Anza na mzigo uliopangwa na idara yako, usiongeze. Baada ya siku 10 kaa na karatasi, uandike saa zako kwa kweli: umelala ngapi, umesoma ngapi, umepoteza ngapi. Mwendee mshauri wako wa masomo, au mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyepita bahari hiyo. Usimwendee yule tu ambaye atafaidika ukipakia. Changanya masomo mazito na mepesi, usiyaweke yote mazito upande mmoja, chombo kisije kikainama. Na katika saa zako weka Siku ya Bwana kabla ya mengine yote, maana aliyeachia Jumapili iliwe na vitabu atajikuta hata Jumatatu hana nguvu. Muhula wa pili, ukiona weupe bado waonekana, ongeza.

Sasa neno kwa wazazi na makanisa. Nchi yetu imeyafanya haya tangu zamani. Mwezi Septemba mwaka 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake, ndege ilichukua vijana 81 kwenda kusoma Marekani, na nyuma ya wengi wao kulikuwa na jamaa na vijiji vilivyochanga shilingi. Ni desturi njema, nasi hatutaki iachwe. Lakini tukumbuke kwamba kila shilingi ya harambee ina uzito mara mbili: mara moja mfukoni, na mara ya pili moyoni mwa kijana. Uzito wa pili hauandikwi katika karatasi ya msajili, lakini maji yaujua. Katika Wagalatia 6 Mtume atuagiza tuchukuliane mizigo, na katika sura hiyohiyo asema kwamba kila mtu ana furushi lake mwenyewe. Furushi la kijana ni kusoma kwa uaminifu. Hapo hatuwezi kumsomea. Lakini mzigo wa sifa zetu, wa haraka yetu, wa kutaka jina katika tarafa, huo si wake. Tuutue.

Mtatuuliza ilikuwaje kwa yule kijana. Alirudi chuoni. Aliacha masomo ya jioni, na yale yaliyomshinda alikubaliwa kuyarudia kidogo kidogo. Hatamaliza katika mwaka ule tuliotangaza. Atachelewa mwaka mmoja. Kwa hiyo ilitubidi sisi tusimame tena palepale tulipokuwa tumesimama siku ya harambee, mbele ya watu walewale, tukasema kwamba tangazo lile lilikuwa letu wala halikuwa lake, na kwamba tulimpakia kijana wa watu bila kutazama alama ya maji. Haikuwa rahisi. Palikuwa na kimya. Ndipo mama mmoja, aliyetoa kuku wawili siku ile, akasema kutoka nyuma, “Mchungaji, mimi sikununua mwaka. Nilimtolea mtoto.”

Kijana alikuwa ameketi karibu na dirisha. Alifunika uso kwa mikono, na ibada ilipokwisha akaenda akaketi karibu na mama yule.

Yuko mmoja, wapenzi, ambaye hutuita sote tuliolemewa twende kwake, naye asema nira yake ni laini. Hakusema kwamba hakuna nira. Mfuasi wake hatembei mtupu. Lakini nira njema huchongwa kwa kipimo cha shingo ya ng'ombe atakayeivaa, na aliyeichonga alikuwa fundi seremala wa Nazareti. Yeye aijua shingo yako. Mwulize kabla hujatia sahihi.

Na tuombe. Ee Bwana, mwenye pepo na bahari, twakuwekea mikononi vijana wetu wanaoingia chuo mwaka huu. Wape akili ya kuhesabu, unyenyekevu wa kuuliza, na ushujaa wa kushusha wakati ungalipo. Utusamehe sisi wazazi na wachungaji tuliowapakia watoto wako mizigo ya fahari yetu. Uwaponye waliozama, uwanyoshee mkono kama ulivyomnyoshea Petro. Uwafikishe wote pwani salama, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, na neema ya Bwana iwe pamoja nanyi nyote.